Aliyeshika Ncha ya Pili

Kukunja mashuka ya kitanda peke yako ni kazi ya kuudhi, na Adila alikuwa na matatu. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi, jua limeuwakia ua wake wa mtaa wa Dunda, hata kuku wamekimbilia kivulini. Alilishusha shuka la kwanza kambani, akashika ncha zake, akalikung'uta. Upande wa pili ulikuwa ukiburutika mchangani. Kisha ukanyanyuka. Shuka likanyooka, likakaza, kama linavyokaza mtu anapokushikia. Adila macho yake yalikuwa kwenye doa la mafuta, akasema bila kutazama, "Ahsante mwanangu, vuta kidogo."

Shuka likavutwa kidogo.

Wakakunja mara moja, wakakunja mara ya pili. Ndipo mlango wa mbele ulipolia, na Najma, bintiye wa pekee, akatokea ndani ya nyumba na mfuko wa maandazi.

"Mama, unaongea na nani?"

Shuka likaanguka. Ile ncha ya pili ilikuwa imelowa chepechepe, na ua mzima ulinuka uduvi. Adila akasema ni upepo. Mtu akiwa na jambo moyoni, upepo humsaidia sana.

Jambo lenyewe ni hili. Masika yanapoisha na upepo wa kusi unapoanza kukaza, mito huwa imeshamwaga tope lake baharini, na maji ya ufukwe wa Bagamoyo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo uduvi, wale kamba wadogo wasiofika hata ukubwa wa ukucha, husogea karibu na nchi kavu. Wanawake huingia kuwavua wawili wawili, maji kiunoni, wameshika kanga zilizoshonwa pamoja, mmoja ncha hii na mwenzake ile, wakitembea na kuzoa. Kazi hii haitaki mashua, inataka kujua maji. Siku za bamvua bahari hupwa mbali kabisa, mafungu ya mchanga yakajitokeza, na mtu akatembea hadi huko kama anayekwenda sokoni. Lakini wakati wa kusi maji hayarudi kwa mbele. Huingia kwanza kwa nyuma, kwenye mkondo ulio kati ya fungu na pwani, na asiyejua hugeuka akakuta njia aliyojia imekuwa kina.

Adila alijua. Yeye ndiye wanawake wenzake waliyemwamini kusoma maji; akisema tutoke, wanatoka. Asubuhi moja, wiki sita nyuma, Mina, mwenzake wa ncha ya pili, alimwambia, "Dada, nasikia baridi miguuni kwa nyuma. Maji yameshageuka." Adila naye alikuwa ameisikia baridi hiyo. Lakini uduvi walikuwa wengi mno, kanga imejaa mpaka inauma mikono, na akajibu, "Bado kidogo."

Walipougeukia mkondo maji yaliwafika kifuani, kisha shingoni. Mina hakujua kuogelea. Alikuwa ameizungusha kanga mkononi mara mbili isimponyoke, kama alivyofundishwa na Adila huyo huyo. Adila akahisi kanga inamvuta na yeye kwenda chini, akaachia.

Kwa watu alisema, "Mwenzangu aliachia, maji yakamchukua." Aliyasema hayo ufukweni, akayarudia msibani mbele ya Bi Ashatu, mama yake Mina, na kila alipoyarudia yalitoka laini zaidi. Maiti ilipatikana kesho yake. Bi Ashatu aliingia mwenyewe kumwosha mwanawe. Arobaini ilisomwa Jumapili, na sasa bamvua ilikuwa imerudi.

Siku ya pili, maji yalipogeuka, Najma aliliona shuka likining'inia kambani na mama yake amekaa mbali nalo.

"Mama, siku hizi unaogopa hata nguo? Njoo tukunje."

"Liache, Najma. Nimesema liache!"

Lakini binti wa miaka kumi na tisa haachi kitu kwa sababu tu mama yake amepiga kelele. Alishika ncha. Papo hapo uso wake ukabadilika.

"Mama," alinong'ona, "kuna mkono juu ya mkono wangu."

"Achia!"

"Siwezi. Ni wa baridi. Mama, ni wa baridi sana."

Adila alikimbilia mkasi, akalikata shuka karibu na kiganja, lakini kiganja chenyewe kilibaki kimefumba, vidole vimejikaza hata kucha zimepoteza rangi, na hapakuwa na mafuta, maji ya moto wala nguvu za jirani zilizoweza kukifumbua. Alasiri, bahari ilipokuwa ikijaa, Najma alisimama mkekani akaanza kutembea, mkono ule umetangulia mbele kama wa mtu anayeongozwa, akapita uani, akapita kwenye duka la mkaa, akashika njia ya ufukweni na miguu peku, na kila alipokanyaga aliacha alama ya maji barabarani ingawa hakuwa amegusa tone, mpaka wanawake watatu walipomkumbatia wakakaa naye chini hadi bahari ilipoanza kupwa. Siku ya tatu walimkuta maji yameshamfika magotini. Kesho yake, kila mtu alielewa bila kuambiwa, wangechelewa.

Jioni hiyo hiyo akaitwa Mwalimu Bwanausi, ambaye asubuhi hufundisha watoto Kurani chuoni na jioni husomea wenye mashetani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda mzaha, lakini alipoiona ile ngumi aliuacha mzaha mlangoni. Alifukiza ubani, akamnywesha Najma kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akasoma kwa muda mrefu huku kipaji cha uso kikimtoka jasho. Moshi wa ubani ulikuwa mzito, na bado harufu ya uduvi iliupita.

"Wewe nani?" aliuliza.

Midomo ya Najma ikafunguka. Sauti ilikuja taratibu, kama inatoka chini ya mtungi. "Mimi wa mkondoni."

"Ndiwe Mina?"

"Mina mmemzika. Mimi nimeokota ncha yake."

"Iache uende zako. Binti huyu amekukosea nini?"

"Hakunikosea. Mama yake amesema wa ncha hii ndiye aliyeachia. Nimekuja aone kama wa ncha hii huachia."

Mwalimu akamgeukia Adila. "Mama Najma, anasema nini huyu? Kama unajua jambo, hapa ndipo pa kulisema."

Chumbani mlikuwa na jirani wawili. Adila aliwatazama, akaona kesho yao ufukweni, wakisimuliana. Aliona aibu, na aibu yake ikawa kubwa kuliko mtoto wake kwa muda wa pumzi moja. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo hajisamehi, zaidi hata ya lile la mkondoni, maana kule alikuwa anazama, na hapa alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Sijui," alisema. "Mwalimu, soma tena."

Najma akacheka. Kisha akasema, na safari hii ilikuwa sauti ya Adila mwenyewe, kwa lafudhi yake na uchovu wake wa asubuhi ile, "Bado kidogo."

Adila alitoka mbio. Hakuvaa viatu wala hakujitanda vizuri, alipita kwa watu waliomwita asiwaitikie, na njia nzima alisikia nyuma yake kitu kikiburutika mchangani, kizito, kilicholowa, na alijua akigeuka atakiona kimekaza kutoka mkononi mwake mpaka baharini, kwa hiyo hakugeuka, alikimbia tu huku amefumba viganja vyote viwili mpaka alipoanguka kwenye baraza ya Bi Ashatu, aliyekuwa akichambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, Mina hakuachia. Mimi ndiye niliyeachia. Aliniambia maji yamegeuka, nami nilijua, nikamwambia bado kidogo. Nimekudanganya msibani. Najma anachukuliwa, mama, nakuomba."

Bi Ashatu aliendelea na mchele wake. Alitoa chuya moja, akaitupa.

"Nilimwosha mwanangu," alisema. "Ngumi yake ilikataa kufumbuka, tukamzika nayo. Kati ya vidole palikuwa na pindo la kanga. Aliyeachia hazikwi na pindo mkononi, Adila. Nimekusubiri uje, siku zote hizi."

Akainuka, akajitanda, wakaenda pamoja. Aliingia, akauona mkono wa Najma. Ilikuwa ngumi ile ile aliyoiosha. Akaketi, akaipakata.

"Wewe wa mkondoni," alisema kwa sauti ndogo, "mwenyewe amekiri mbele yangu. Mwanangu hakuachia, wala wewe hukuambiwa uongo na mimi. Mtoto huyu hana ncha. Muache."

Kwanza kilinyooka kidole kidogo, kisha vingine, kimoja kimoja. Kiganjani hapakuwa na kile kipande cha shuka. Palikuwa na mchanga uliolowa, na uzi mmoja mwekundu wa pindo la kanga. Najma alivuta pumzi kama aliyeibuka, akaangua kilio, akamwita mama yake.

Adila alipiga magoti miguuni kwa Bi Ashatu. "Nisamehe, mama."

Bi Ashatu aliuchukua ule uzi, akaufunga kwenye ncha ya kanga yake. "Mtoto wako nimekurudishia," alisema. "Wewe, bado kidogo."

Najma sasa yu mzima, anashona nguo karibu na stendi, na mashuka hakunji. Adila hajaingia tena baharini. Siku za bamvua, maji yanapogeuka, huanika shuka moja uani, hata kama ni safi, akasimama na kushika ncha yake. Upande wa pili hunyanyuka. Huvutwa mpaka bahari ijae, yapata saa kumi, na mikono humuuma sana, lakini haachii.