Kidani cha Mwanakheri

"Twiga, uko wapi?" sauti ya bosi iliuliza kwenye simu ya sikioni.

"Nyuma yake, mzee."

"Usimpoteze."

Yudith, aliyeitwa Twiga kazini, aliongeza mwendo. Mtu anayekimbiza pikipiki ya Boxer kwa mwendo ule hana nafasi ya maneno. Vumbi la Land Cruiser nyeupe lilimjaa hadi kwenye kope, bastola ilimgonga kiunoni, na hasira ilikuwa imemkaba tangu Kilosa.

Hasira ya nini? Ya kidani.

Asubuhi ile alikuwa kwa Cleopa, sonara wa jirani na soko, akijifanya mchumba anayechagua pete. Idara ya upelelezi ilimtuma amchunguze Cleopa na mgeni aitwaye Rudiger, waliosemekana kuvusha dhahabu za watu nje ya nchi. Mara akaingia mama mmoja, Mwanakheri, uso umejaa furaha. Binti yake Yusrah alikuwa anaolewa siku hiyohiyo, baada ya alasiri. Dhahabu ya bibi harusi huoshwa kwa sonara ing'ae, maana mawifi huishika na kuikagua kabla ya kumpokea. Kidani chenyewe Mwanakheri aliachiwa na marehemu mama yake.

Alikuwa amekiacha hapo kioshwe tangu juzi, na sasa Cleopa akamkabidhi. Kiling'aa mno.

"Shikamoo mama," Yudith alisema. "Hebu nikione."

"Marahaba mwanangu. Shika."

Muhuri wa 750 ulikuwepo, yaani karati kumi na nane. Wengi hutazama muhuri wakaridhika. Muhuri! Mwenye nyundo na msumari hakosi muhuri. Yudith akatoa kipande cha kigae mkobani, akasugua kidani kwenye upande wa nyuma wa kigae hicho, ule usiong'aa. Dhahabu huacha mstari wa njano. Mstari huu ulikuwa mweusi tii.

"Hiki si chako, mama. Umebadilishiwa."

Mwanakheri aliketi sakafuni palepale. "Mama yangu alikataa kukiuza hata mwaka wa njaa," alisema. "Mimi nimekileta mwenyewe kwa mwizi, kwa miguu yangu."

Cleopa alipoona pingu alitapika yote. Kidani halisi kilikuwa kimeshaondoka na Rudiger, safari ya Dar kupitia Mikumi.

"Nitakirudisha kabla Yusrah hajatoka chumbani," Yudith aliapa, akawasha pikipiki.

Sasa walikuwa wameupita mji wa Mikumi, wako kwenye lami ndani ya hifadhi. Land Cruiser ya Rudiger ilizidi kuwa ndogo mbele yake.

Kisha ikasimama.

Tembo! Mama, shangazi na watoto, wanavuka barabara kwa raha zao.

"Pita!" Rudiger alifoka ndani ya gari. "Piga honi!"

Dereva wake, Vitalis, mzaliwa wa Mikumi, alizima injini kabisa. "Bosi, hapa tembo hapigiwi honi. Kama una haraka, shuka ukawaombe mwenyewe."

Yudith akatokea dirishani, bastola mkononi.

"Mikono kwenye dashibodi."

Rudiger alicheka. Kwa kidevu akamwonyesha mkoba wa Samsonite. "Rubi, binti. Vibali vyote vipo."

Yudith alichukua jiwe moja, akalipulizia pumzi. Ukungu ukang'ang'ania. Jiwe la kweli ni baridi, ukungu haukai. Akaweka lenzi jichoni, akaona vipovu vya hewa ndani.

"Chupa hizi," alisema. "Ulitaka wakaguzi wahangaike nazo ili wasitazame nini?"

Macho ya Rudiger yakaponyoka kuelekea kiti cha nyuma. Pale kulikuwa na kikapu cha mapambo ya shaba, yale wanayouziwa watalii. Yudith akainua kidani kimoja, umbo lilelile la kile alichokabidhiwa Mwanakheri. Mkono ukashuka. Lo! Shaba haina uzito ule. Akasugua kwenye kigae, mstari ukatoka mwekundu. Akasugua tena. Njano.

"Mmekichovya shaba, mbwa nyie."

"Sema unataka nini," Rudiger alinong'ona. "Nyumba? Gari? Chagua."

"Nataka unyamaze."

Pingu zikalia. Askari wa hifadhi walipofika, Vitalis ndiye aliyewashikia mlango.

Simu ikaita. Alikuwa Octavian, bosi wake.

"Safi sana, Twiga. Vielelezo vyote viende Morogoro, sasa hivi."

"Vyote, mzee. Kasoro kimoja."

"Yudith!"

Akakata simu.

Alipofika Kilosa, alasiri ilikuwa imeshaswaliwa na mawifi wamejaa chumbani. Hapakuwa na muda wa kuitoa shaba. Mwanakheri alikibusu kidani vilevile kilivyo, chekundu, akamfunga binti yake shingoni huku machozi yanamtoka.

Wifi mkubwa akabinua midomo. "Makubwa! Bibi harusi kavishwa shaba?"

Mwanakheri akafuta macho, akasimama.

"Wezi ndio waliokipaka hiyo shaba. Nitakiosha siku nitakayopenda mimi, si kwa kukufurahisha wewe. Ni cha mama yangu na kimerudi nyumbani. Asiyekitaka, mlango ule pale."

Hakuna aliyeufuata mlango. Yusrah aliinua kidevu, kidani kikaonekana chote. Kigelegele kimoja kikapaa, vingine vikafuata, na wifi mkubwa naye akapiga chake, shingo upande.

Nje, simu iliita tena.

"Kielelezo changu kiko wapi?" Octavian alinguruma.

Yudith alivaa helmeti taratibu.

"Kinaolewa, mzee. Kikimaliza, nitakileta."