Kidonda cha Bibi na Kidonda cha Fundi Viatu

Kila nilipotoka shule nilipitia barazani kwa bibi, fundi cherehani. Alinipa sindano nimtungie uzi, maana macho yake, alisema, yalistaafu kabla yake. Alasiri zile nazikumbuka mpaka leo, na ninazitamani.

Nilipokuwa darasa la tano, bibi alitokwa na kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu. Jirani yake wa baraza, fundi viatu, alikuwa na kisukari na kidonda chini ya unyayo, na kliniki walimwambia asikikanyage. Bibi akadakia ushauri usio wake. Akawa hainuki kitini, anashona huku mguu unaning'inia kutwa. Kidonda kikapanuka na mguu ukavimba. Mimi nilifua kwa siri vitambaa alivyofungia kidonda, nimeambiwa nifunge mdomo.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Bibi alifichuliwa na harufu. Mama akatupeleka kliniki. Muuguzi aliuliza kidonda kina muda gani.

"Wiki mbili tu, mwanangu," bibi akajibu.

Muuguzi akaanza kuandika. Kumkosoa bibi mbele ya watu ni utovu wa adabu, lakini niliogopa zaidi asije akakatwa mguu.

"Bibi, ni miezi saba," nikasema, machozi yakanitoka.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba kidonda kisichopona kwa wiki nyingi kina kitu kinachokizuia, na lazima kitafutwe. Bibi alipotaja ushauri wa fundi viatu, muuguzi alisema unyayo wa jirani huyo ulikuwa umekufa ganzi kwa kisukari, hivyo alikanyaga kidonda bila kuhisi. Mguu wa bibi ulikuwa na mishipa iliyochoka kurudisha damu juu, na kuuning'iniza kulizidisha ubaya. Alipima sukari, akapima damu inavyofika mguuni, ndipo akamfunga bendeji ya kubana toka vidoleni hadi chini ya goti. Akamwagiza atembee, na akikaa auinue mguu.

Bibi alininunia wiki nzima. Hata sindano alimpa mama.

Baada ya miezi minne bendeji ilifunguliwa, kidonda kimefunga. Bibi akanishika mkono pale kwenye ngazi za kliniki.

"Mjukuu wangu, nilikosea mara mbili," alisema. "Nilijitibu kidonda cha mwenzangu, kisha nikamdanganya aliyetaka kuniponya. Wewe ukiugua, sema kweli yote, hata kama inakuaibisha."

Kisha akaniachia mkono, akateremka ngazi peke yake.