Aliyelewa Nyuma ya Kufuli

Enyi watu wa Kyimo na Bulyaga, na hata ninyi wa Isongole mnaoshuka na viazi vyenu, sogeeni niwasimulie jambo la kutapisha. Ambaye hajala, ale kwanza, maana baadaye hatatamani.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na sote tukaanza kuvaa makoti ya kafa Ulaya, mzee Zuber alikuwa na duka la mitumba pale Bulyaga. Alfajiri akitoka msikitini alifagia kizingiti, akaketi na chai yake ya tangawizi, akamsalimu kila mpita njia. Pombe hakuinusa hata ya jirani. Mimi napika kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mrija, hapa Kyimo, na kila alipopita kwangu alivuka barabara.

"Mama Jotham, harufu ya chungu chako inanitia dhambini!"

"Pita upesi, mzee, isije ikagandia kwenye kanzu."

Tukacheka, kila mtu akaendelea na yake.

Siku moja belo la nguo liliporomoka kutoka juu ya rundo, likamgonga kichwani. Alikaa chini, akapangusa kofia yake, akasema, "Leo Wazungu wamenipiga." Watu wakacheka, wakasahau. Kichwa cha mzee kikigongwa, nani anauliza?

Wiki zikapita. Mzee akaanza kulalamika kichwa. Kisha akawa anayumba, mguu mmoja unaburuzika. Ulimi ukawa mzito, mteja akiuliza suruali anapewa shuka. Asubuhi moja akatapika mbele ya watu. Loo, Bulyaga ikapata sherehe!

"Mzee wa kanzu kagundua mrija!"

Mwanawe Yussuph akashikwa na aibu. Aibu, si huruma. Kila jioni alimbana baba yake mashavu na kumwambia, "Achama nikunuse." Na mzee aliyemlea akaachama, kama ng'ombe anayekaguliwa meno mnadani. Harufu haikuwapo. "Anatafuna karafuu huyu," akasema Yussuph. Wakamfungia stoo nyuma ya duka ili asiifuate pombe. Mke wa mzee, Mwanabibi, akaning'iniza ufunguo shingoni, akawa anampitishia chakula kama anayelisha sungura.

Kisha Yussuph akaja kwangu, macho mekundu.

"We bibi, pombe unampitishia wapi baba?"

"Mwe bandu, enyi watu! Mrija wangu utoke Kyimo hadi Bulyaga? Ningekuwa na mrija wa hivyo ningewauzia Mbeya nzima."

"Usinitanie! Leo hata kukaa hawezi."

Pale mzaha ukanikauka mdomoni. Nikajifunga kanga, nikamfuata hadi kwao. Mwanabibi alipofungua stoo nilifunika pua. Mzee alilala juu ya mabelo, mkojo umelowesha hadi masweta, matapishi yamekauka ndevuni, nzi wanamtembelea. Na masweta hayo, msijifanye hamjui, yaliuzwa baadaye. Mliyavaa.

Nikamuuliza Mwanabibi, "Ufunguo anao nani mwingine?"

"Mimi tu. Hauvuki shingo yangu." Akautazama ule ufunguo, akamgeukia mwanawe. "Yussuph. Mlango una kufuli. Dirisha hakuna. Hii pombe inapita wapi, ukutani?"

Tukamwosha mzee haraka, wakampakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali. Njiani alikuwa haamki tena hata akifinywa. Daktari aliuliza swali ambalo mji mzima haukuuliza: "Aligonga kichwa?" Hapo Mwanabibi akalikumbuka belo.

Wakasafirishwa hadi Dar es Salaam, kichwa kikapigwa picha. Damu ilikuwa imevuja polepole tangu siku ya belo, ikajikusanya kati ya fuvu na ubongo, ikiukandamiza. Daktari wa huko akamwambia Mwanabibi, "Mama, hatumpasui kichwa chote. Tunatoboa matundu mawili madogo tu, tunaisafisha." Ikatoka nyeusi kama oili chafu ya gari. Mngemkawiza kidogo tu, akasema, mngekuja kuchukua maiti.

Mzee alirudi Bulyaga akitembea kwa miguu yake, ulimi mwepesi, kumbukumbu yote. Yote! Wale wale wa mrija wakajaa dukani kumpa pole na kunywa chai yake. Yussuph akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliinama, akaachama mbele ya pua ya mwanawe, akampulizia.

"Nusa kwanza," akasema. "Ndipo unisalimu."

Chai ikawashinda watu kumeza.

FUNZO

Mzee akianza kuyumba, kusahau au kulala mno, usiseme ni uzee, pombe au uchawi. Kumbuka kama aliwahi kuanguka au kugongwa, hata kama ni wiki nyingi zilizopita na hata kama alicheka. Mpeleke hospitali upesi. Tundu dogo la daktari linaweza kumrudisha. Aibu yenu haitibu mtu, inamfanya aoze tu. Na ukiwashwa na hamu ya kunusa midomo ya watu, anza na wako.