Jiwe Jeusi Katika Beseni

Sheshe alikutwa alfajiri nyuma ya nyumba ya wageni ya Lushoto, kichwa kimepasuliwa kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Kando yake palikuwa na beseni la maji. Ndani yake, jiwe moja jeusi.

Inspekta Kibwana alilitazama jiwe kwanza, nyundo baadaye.

Marehemu alikuwa kijana wa Malindi, kijiji cha huko huko Lushoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Yeye na mwenzake Shabani walitoka kupima volkano ya Oldonyo Lengai pamoja na mwalimu wao, Daktari Holt, wakaja Lushoto kuandika ripoti. Mara ya kwanza alipanda mlima Sheshe. Shabani alipanda mara ya mwisho, peke yake, akaleta habari kwamba joto limeshuka. Siku hiyo telegramu ilikuwa iende Arusha: wafugaji waliohamishwa warudi chini ya mlima.

"Shikamoo, Inspekta," alisema Shabani.

"Marahaba. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana, tukila. Huyu ni mwizi tu, mzee. Alifuata kamera ya Sheshe."

"Imeibiwa?"

"Hapana."

"Mwizi wa ajabu. Anaua mtu, kamera anaiacha."

Hamida, mpishi, ndiye aliyeuona mwili.

"Ulisikia nini?"

"Nilimsikia marehemu akicheka na mtu. Nani anacheka na mwizi, bwana Inspekta?"

Kibwana alimpelekea Daktari lile jiwe.

"La wapi hili?"

"Alama ni ya Shabani. Limetoka juu, kwenye kreta, mdomo wa volkano." Daktari akalipapasa, akaona lina unyevu. "Lilikuwa majini?"

"Ndiyo."

"Basi si la kreta. Yale hutoka meusi, lakini yakipata maji hugeuka meupe kama chokaa. Hata ukungu wa huku unatosha. Ndiyo maana tunayafungia kwenye makopo."

Kibwana aliagiza mabeseni mawili. Katika moja alitia mawe aliyoleta Sheshe kutoka mlimani, katika lingine ya Shabani. Akamketisha Shabani mbele yake, akaagiza chai. Kufikia adhuhuri mawe ya Sheshe yalikuwa meupe. Ya Shabani yaling'aa, meusi tii.

"Uliyaokota wapi?"

Shabani alisukuma kikombe cha chai kando.

"Shabani. Wapi?"

"Bondeni," alisema. "Nilifika nusu. Mlima ukanguruma, miguu ikagoma. Vipimo vya joto nilivibuni."

"Na Sheshe akagundua."

"Aliniita usiku pale kwenye beseni, alimotia jiwe langu. Akacheka: 'Ndugu yangu, jiwe lako limeoga na halijatakata!' Kisha akaacha kucheka. Akataka nimwambie Daktari kabla telegramu haijaondoka. Nikamwomba anifichie. Akasema, 'Kule kuna watoto, Shabani.' Akageuka aende kwa Daktari. Nyundo ilikuwa karibu."

"Uliogopa kufukuzwa chuo?"

"Chuo si kitu. Kwetu wananiita aliyeingia tumboni mwa mlima. Baba anawasimulia watu msikitini. Ningerudi na sura gani?"

Kibwana alimtia pingu. Daktari alikwenda posta kwa miguu yake, akatuma telegramu nyingine badala ya ile: wafugaji wasisogee.

Jioni Inspekta alifika Malindi. Mwamvita, mama wa Sheshe, alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Hao watu wa kule wamezuiwa?"

"Wamezuiwa, mama."

Akavuta kanga yake hadi usoni.

"Basi nileteeni mwanangu."