Sahani Pana, Chakula Kiduchu

"Wewe kaka, hicho kitenge nimekishika mimi!"

"Umekishika kwa macho, dada. Mimi nimekishika kwa mkono."

Ndivyo walivyokutana Vaileth na Anaeli, katikati ya msukumano wa Soko Kuu la Arusha, kila mmoja akivuta upande wake wa kitenge cha zambarau ambacho muuzaji aliapa ndicho cha mwisho. Vaileth alikuwa fundi cherehani na mteja wake alikuwa akikingoja. Anaeli, kijana mrefu mwenye viatu vyenye udongo, alikuwa akimtafutia mama yake zawadi.

"Basi chukua," Anaeli alisalimu amri. "Lakini namba ya simu uniachie. Siwezi kurudi nyumbani mikono mitupu."

Vaileth alicheka, akamtajia.

Tangu hapo simu hazikukoma. Anaeli alikuwa bwana shamba huko Usa River, na kwao ni Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kila jioni alimpigia.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maswali yako."

Mapenzi yakanoga. Siku moja Anaeli akaja na jipya. "Jumapili jioni nawaalika wote. Wewe, mama yako na mjomba wako. Mama yangu naye atashuka. Hoteli nimeshachagua."

"Hoteli ya nini, mpenzi?"

"Wewe vaa upendeze tu."

Akavaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, likamkaa vizuri kiunoni. Mama yake, Elizabeth, alivaa lesi na hereni za dhahabu. Mama Anaeli alifika na gauni lake la kanisani, kilemba cheupe kichwani, akasalimia kila mtu kwa mikono miwili.

Hoteli ilikuwa mtaa wa Themi, mpya, na taa zake zilikuwa hafifu hata mjomba Sylvanus akawasha tochi ya simu asome menyu. Aliisoma na bado hakuambulia kitu. Mhudumu mwenye glavu nyeupe aliielezea kila sahani kama mchungaji anayefundisha kipaimara. Sahani zenyewe zilikuwa pana kama ungo, katikati kipande cha samaki kisichozidi kidole gumba, juu yake povu la kijani.

"Hili povu ni la kuliwa," mjomba alinong'ona, "au samaki hajasuuzwa?"

Vaileth alitaka kucheka, ila alipomtazama Anaeli kicheko kikamkwama. Tai ilikuwa imemkaba, jasho linamtoka, macho yake hayatoki kwa Elizabeth.

Mama Anaeli akaomba maji ya kunawa.

"Mama, hapa tunatumia uma na kisu," mhudumu alimjibu.

"Fanya anavyosema, mama," Anaeli alisema bila kumtazama. "Usiniaibishe."

Mama yule aliirudisha mikono yake chini ya meza. Hakugusa chakula tena.

Walipotoka, tumbo la kila mtu likinguruma, Vaileth alimvuta Anaeli pembeni, karibu na maua ya lango.

"Yule aliyekaa mezani leo ni nani? Mimi simjui."

"Vaileth, nilitaka mama yako aone binti yake hachezewi na mtu wa hivi hivi."

"Na mama yako aone nini? Kama unamwonea haya aliyekuzaa, mimi zamu yangu lini?"

Vaileth akaingia kwenye bajaji na mama yake, wakaondoka.

Alizikata simu zake wiki nzima. Lakini cherehani haikumtii. Alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akakosea tena. Simu ilipoita mara nyingine, akapokea.

"Usikate," Anaeli alisema. "Nimemwomba mama radhi. Amenisamehe, ingawa kwanza alinisema nikasemeka."

"Kwa nini ulifanya vile?"

Anaeli akasema polepole, "Siku ile nilipokufuata kwenu Engutoto, mama yako alikuwa sebuleni anaongea na simu. Nilimsikia. Alisema binti yake ameokota mtu wa migombani, hata kukaa mezani hajui. Nikataka kumwonyesha najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, kipenzi? Ni mama yako."

Vaileth aliiweka simu, akaenda jikoni. "Mama, ulimwita Anaeli mtu wa migombani?"

Elizabeth aliacha kuchambua mchele.

"Nilimwita," alisema. "Nilikuwa najikweza kwa shoga yangu. Kana kwamba mimi mwenyewe sikuzaliwa chini ya mgomba, huko huko Meru." Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Yule mama alilala njaa kwa sababu ya mdomo wangu. Jumamosi tunapanda Poli."

Jumamosi hiyo asubuhi mlima ulikuwa wazi kabisa, hauna wingu. Mama Anaeli aliwapokea mlangoni.

"Mama Anaeli," Elizabeth alianza, "nimekuja na aibu yangu."

"Ingia nayo, dada. Ndani pana nafasi."

Wakakumbatiana, wakaingia. Punde sauti zao zikasikika, zimechanganyika na kicheko, Kimeru kitupu.

Vaileth alizunguka nyuma ya nyumba. Anaeli alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi, utomvu umemjaa vidoleni, shati lake la zamani limefunguka kola. Alipomwona akasimama, kisu kikamponyoka.

"Siku ile hotelini nilikuwa na hotuba," alisema. "Nzuri sana. Nilikuwa niisome baada ya kitindamlo."

"Isome sasa."

"Nimeisahau yote."

"Yote?"

"Limebaki neno moja." Akaiweka ndizi chini. "Tuoane."

Vaileth alimtazama mtu huyu aliyemjua, mwenye haya na utomvu, na moyo wake ukatulia. Akavuta kigoda cha pili, akaokota kisu, akachukua ndizi.

"Ndiyo," alisema. "Ila usiwaambie mama zetu kabla ya chakula. Watalia mpaka jioni, na mimi leo nimekuja kula."