Kigoda cha Baba

Siku tuliyomzika mama, baba alibaki garini. Kutoka geti la makaburini hadi kaburi lenyewe ni hatua kama mia mbili. Miguu yake isingeziweza. Aliwatazama watu wakilibeba jeneza la mkewe mpaka wakapotea machoni, kisha akajiinamia.

Baba alikuwa tarishi. Miaka thelathini alipeleka mafaili ofisi hadi ofisi, na wenzake walimwita Upepo. Mimi, bintiye, ni fundi cherehani. Tangu alipoanguka bafuni mwaka juzi, kila asubuhi nilimwambia, "Kaa, baba. Nitakuletea." Nilimletea chai, maji, hata ndoo ya kuogea. Nilidhani ndiyo heshima. Kumbe nilikuwa nammaliza.

Baada ya msiba hakutaka kula. Alikuwa na neno moja tu: "Mama yako nilimwacha aende peke yake."

Jirani yetu anafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Siku moja alileta sketi yake ipunguzwe, akamwona baba kitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akanigeukia. "Dada, mzee hutembea lini?"

"Hatembei. Anapumzika."

"Miguu isiyotumika hudhoofika, dada. Akizidi kukaa, ataanguka tena."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli.

Daktari alimpima baba moyo na presha, akaruhusu mazoezi. Tukaenda hospitalini kwa jirani, kwenye mashine ya mazoezi ya kutembea. Mashine yenyewe ina mkanda mpana unaozunguka, nawe unatembea juu yake. Jirani alimfunga baba kamba ya usalama, akauwasha mkanda taratibu, akasimama ubavuni kwake. Baba aling'ang'ania vyuma vya pembeni, macho chini.

"Mzee, mikono ndiyo inayokubeba. Shika kidogo tu, usiegemee. Tazama mbele. Tanguliza kisigino."

"Mashine gani hii? Natembea na sifiki!"

"Utafika. Endelea kuongea nami. Ukishindwa kuongea, napunguza mwendo. Kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, sema, tunasimama papo hapo."

Siku ile alitembea dakika tatu. Alishuka anatetemeka, akaapa harudi. Lakini alirudi. Ikawa mara tatu kwa wiki, na dakika zikaongezwa kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Nyumbani niliacha kumpelekea ndoo. Iliniuma kumwona akihangaika mlangoni mwa bafu. Nilisimama karibu, nikajizuia kumbeba.

Mwezi wa tatu wa mazoezi, baba alivaa viatu vyake vya kazini.

"Leo twende kwa mama yako."

Nilibeba kigoda, maana sikumwamini. Kutoka getini alitembea na fimbo yake, akisimama mara mbili kuvuta pumzi. Mbingu ilikuwa na mawingu, na makaburini hapakuwa na mtu mwingine. Alipofika, alivua kofia.

"Mke wangu, nimechelewa," akasema. "Nisamehe."

Niliweka kigoda nyuma yake. "Kaa, baba."

Akanitazama. Machozi yalikuwa yananitoka. Tangu msiba ule sikuwa nimepata nafasi ya kulia.

"Kaa wewe, mwanangu," akasema. "Mimi nimekaa vya kutosha."

Nikakaa, nikamlilia mama. Baba alisimama kando yangu mpaka nilipomaliza.