Jogoo Asiyemaliza

Siku ya soko, pale mlangoni ambapo wanaoingia na wanaotoka hukanyagana vidole, alisimama mwanamke na tenga la majogoo. Kwa kazi aliyokuwa nayo, alikuwa amependeza kupita kiasi: gauni la bluu alilolishona mwenyewe, lililomkaa sawasawa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua, na unyoya mweupe nyweleni ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mbele ya tenga aliweka kipande cha boksi kilichoandikwa kwa chaki ya kushonea: JOGOO BURE. WA KUFUGA, SI WA KULA.

Watu walisoma, wakacheka, wakapita. Mama mmoja aliuliza kama wanatolewa pamoja na vitunguu.

"Mtu anampataje huyo jogoo wa bure?"

Fundi cherehani aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, amevaa koti juu ya sare nyeupe ya hospitali, macho mekundu, ndevu za siku mbili. Mzuri, lakini mzuri aliyechoka kupindukia.

"Anajibu maswali kwanza," alisema. "Una ua?"

"Sina. Mjomba wangu anao, nje kidogo ya mji, na matetea ya kutosha."

"Mjomba anakula kuku?"

"Hana meno."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. "Mchuzi hauhitaji meno. Nitakuja kupima banda mwenyewe, Daktari."

"Mimi si daktari, ni muuguzi. Zamu ya usiku. Na utapima na nini?"

Akaigusa futi shingoni. Yule kijana akacheka mpaka uchovu ukamtoka usoni, na hapo fundi akaona kwamba uso ule ukilala vizuri unaweza kumtia mtu matatani.

"Lakini kwa nini unawagawa?" aliuliza muuguzi.

Basi fundi akamwaga yote. Yeye na shangazi yake walipanga nyumba ndogo yenye ua. Shangazi alimwatamisha tetea wake, akiota mayai ya kila siku. Vifaranga vilipototolewa tu, mwewe akamchukua mama yao. Fundi akavilea mwenyewe chumbani kwake, ndani ya boksi la vipande vya vitambaa, chini ya meza ya cherehani. Vikakua, vikaota upanga mwekundu kichwani, na asubuhi moja ikadhihirika kwamba shangazi ana matetea wawili na majogoo sita.

"Shangazi kasema sufuria ipo," alisema. "Lakini hawa wamelala miguuni mwangu nikishona. Utamlaje mtu aliyelala miguuni mwako? Sasa kuna jirani, wa nyumba ya nyuma ya ukuta, kaenda kulia kwa mwenye nyumba. Eti halali! Mtu mzima, mchana kweupe, anataka kulala! Mwenye nyumba kasema mwisho wa mwezi majogoo waondoke, au tuondoke sisi. Shangazi kaishi pale nusu ya umri wake."

Muuguzi alikohoa. Akafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Huenda huyo jirani ana sababu."

"Sababu yake ni roho mbaya."

"Labda." Akainama kwenye tenga. "Tuanze na yupi?"

Walianza na wa uzi mwekundu. Kila jogoo alikuwa na uzi wa rangi yake mguuni, mafundi hawaachi tabia zao. Wiki hiyohiyo walikwenda kwa mjomba, na fundi akapima banda urefu na upana huku mzee asiye na meno akimwangalia kwa heshima kubwa.

"Huyu umemtoa wapi?" mjomba alimnong'oneza mpwa wake, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Sokoni, mjomba."

"Rudi ukanunue vingine hukohuko."

Kutoka hapo ikawa kazi ya wawili. Wa uzi wa kijani alikwenda kwa mwalimu mstaafu. Wa njano akapelekwa kwenye bustani ya miche, akasumbue wadudu badala ya watu. Muuguzi alimpakata kila jogoo mapajani njia nzima, na suruali zake zikapata habari. Jioni, kabla ya kuingia zamu, alipiga simu.

"Umeshindaje, Fundi wangu?"

"Wangu tangu lini?"

"Tangu jogoo wa pili. Wa kwanza nilikuwa bado najifikiria."

"Nenda kazini, wagonjwa wanakusubiri."

"Na mimi mgonjwa, mbona huniulizi naumwa wapi?"

Fundi alikata simu, akaendelea kushona, na akagundua baadaye kwamba amelishona shati la mteja mkono mmoja ndani nje. Alikuwa ameshapenda, hakuna la kuficha. Kitu kimoja tu kilimkwaza: kila alipomkaribisha nyumbani, mwanaume alikuwa na udhuru. Mara amechelewa, mara kichwa. Walikutana mlangoni mwa soko tu.

Mwezi ulipokaribia kwisha, majogoo watano walikuwa wamepata makwao. Akabaki mmoja, wa uzi mweupe, ambaye fundi hakuwahi kumpeleka sokoni. Alikuwa mdogo, shingo imepungukiwa manyoya, na ndiye alimpenda kuliko wote.

"Kesho nakuja kwenu," muuguzi alisema kwenye simu. "Namchukua huyo wa mwisho. Halafu nina neno langu nataka kukwambia."

"Neno gani?"

"Halisemwi kwenye simu, roho yangu."

Siku ya pili alikuja, amenyoa, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Shangazi alimpokea uani, akaamkiwa vizuri, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akaenda jikoni kuweka chai akiwa na mawazo yake. Fundi akatokea na jogoo mikononi, jogoo mwenyewe kimya, ametulia.

"Lile neno," muuguzi alianza. "Fundi, tangu siku ile ya soko, mimi..." Macho yake yakamwangukia jogoo. "Kumbe ndiye huyu asiyemaliza!"

"Asiyemaliza nini?"

"Kuwika. Anaanza vizuri, kokori, halafu anaishia njiani. Wenzake wanamaliza, mtu anageuka ubavu. Huyu anakuacha umekodoa macho unasubiri..."

Akauma ulimi. Alikuwa amechelewa.

"Sijawahi kukwambia hivyo," fundi alisema polepole. "Hujawahi kumsikia. Umemsikia wapi?"

Muuguzi akautazama ukuta wa nyuma. Akanyoosha kidole, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani.

"Dirisha langu ni lile."

Chai iliungua jikoni, na shangazi aliyekuwa ametega sikio hakuiangalia.

"Nilikwenda kwa mwenye nyumba kabla sijakujua," alisema haraka. "Nilikuwa silali. Usiku mmoja wodini, kwa usingizi, nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake. Ningeua mtu, Fundi. Asubuhi yake nikaenda kushtaki. Nilipokuona sokoni na ukaanza kusimulia..."

"Ukanyamaza! Mimi namtukana jirani, na jirani anacheka na mimi!"

"Niliogopa."

"Hukuogopa. Ulitaka usingizi wako. Kila jogoo tuliyempeleka, ulikuwa unapunguza kelele, basi. Leo umekuja kumaliza wa mwisho." Akamkumbatia jogoo. "Na mimi nikafikiri unakuja kwa ajili yangu."

"Nilikuja kwa ajili yako."

"Toka. Na huyu humchukui."

Alitoka. Simu ikalia jioni, ikalia asubuhi, ikalia tena. Fundi aliigeuza kifudifudi juu ya meza, ikawa inatetemeka kati ya vifungo na pini.

"Pokea," alisema shangazi.

"Sipokei."

"Mwanangu, mwanaume kakaa na kuku mapajani mpaka suruali zimeharibika. Kwa ajili ya usingizi? Si angeziba masikio kwa pamba, hospitali imejaa pamba."

"Alinidanganya, shangazi."

"Alikudanganya. Hilo sibishi. Nasema pokea umtukane vizuri, kuliko kunitukania cherehani yangu."

Kweli, fundi alikuwa anakanyaga cherehani kama anataka iungame. Lakini mchana, alipopunga hewa dirishani, alikitazama kile kidirisha cha ng'ambo na pazia lake zito, na mawazo ya yule mgonjwa wodini yalimjia bila kuitwa. Hakumtakia mtu yeyote usiku kama ule. Angeambiwa tu tangu mwanzo, angelia, angekasirika, halafu angemshonea pazia zito zaidi. Ndicho kilichomuuma.

Mwisho wa mwezi ukafika. Hakuna aliyemtaka jogoo wa uzi mweupe. Waliokuja walimsikia mara moja, wakasema watafikiria. Fundi hakuweza kumtoa kwa mtu mwenye macho ya njaa, wala hakuweza kumfukuzisha shangazi nyumba. Alifunga tenga, akalia kidogo, akaketi kumsubiri mwenye nyumba ampe jibu ambalo hakuwa nalo.

Mwenye nyumba aliingia akijifuta jasho. Akalitazama tenga.

"Fungueni huyo kuku."

"Tunaondoka sisi?"

"Haondoki mtu. Aliyeshtaki kafuta mashtaka. Kanijia asubuhi, kasema jogoo abaki, tena kakazana kuliko siku aliyotaka aondoke. Nikamwambia amua moja, mimi nina presha." Akatikisa kichwa. "Majirani wengine hawana neno. Ninyi vijana mtanimaliza."

Fundi akamfungulia jogoo tenga. Usiku huo aliiacha simu imetazama juu. Haikulia.

Alfajiri, mbingu ikiwa bado ya kijivu, jogoo wa uzi mweupe alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, akakunjua shingo yake isiyo na manyoya, akaita kwa nguvu zote.

"Kokori..."

Akaishia hapo, kama kawaida yake. Mtaa mzima ukabaki unasubiri. Halafu kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ya mwanaume, nzito ya usingizi na mbaya kupita ya jogoo, ikamalizia:

"...kooo!"

Fundi aliketi kitandani. Jogoo akageuza kichwa, ameudhika. Akajaribu tena, akakwama palepale, na sauti ya ng'ambo ikamalizia tena. Fundi alijifunga kanga juu ya gauni la kulalia, akatoka peku hadi ukutani, akicheka na machozi yanamtoka.

"Una wazimu?" aliuliza ukuta.

"Umeamka?" ukuta ukajibu.

"Umeamsha mji mzima. Kwa nini hujaenda zamu?"

"Nimeomba ya mchana, wamekubali. Sasa nahitaji wa kuniamsha."

"Simu ina kengele."

"Simu yangu haipokelewi na mtu."

Akakohoa ng'ambo ya ukuta. Sauti iliporudi haikuwa na mzaha.

"Nisamehe, Fundi. Ningekwambia palepale sokoni. Niliona ukijua utaondoka na tenga lako, nisikuone tena. Usingizi nilikuwa nautaka kweli. Lakini tangu jogoo wa kwanza aondoke, hata kulipokuwa kimya sikulala."

Fundi aliweka kiganja ukutani. Matofali yalikuwa ya baridi.

"Ukinificha kitu tena, nanunua wengine sita."

"Nimekubali. Na lile neno langu, liliishia njiani."

"Nalijua."

"Nilimalizie?"

"Kwa ukutani? Majirani wote wako macho, umewaamsha mwenyewe. Zunguka uje mlangoni kama watu."

Viatu vilisikika upande wa pili, kisha mlango, kisha mtu anakimbia. Fundi alibaki amesimama, anajishika nywele, anajitazama miguu peku. Shangazi alitokea jikoni na birika mkononi, amevaa kama mtu aliyekuwa amejiandaa tangu jana.

"Nenda ukafungue, mwanangu," alisema, "kabla hajawika tena."